Chesisi ya kujitengenezea: hesabu inasema hivi, mizani inasema vile, kosa liko wapi?

Siku ya kwanza tunapima chesisi yetu (fremu ya chuma inayobeba gari zima, hapa ni kigari cha watu wawili tunachojenga wenyewe) tuliitundika kwenye tawi la mwembe kwa mizani ya kuning'iniza tuliyoazima kwa jamaa anayenunua vyuma chakavu, mshale ukasimama kilo 49. Mwenzangu akaanza kushangilia maana kwenye daftari tulishapiga hesabu ya paipu peke yake tukapata 55, kwa hiyo kwa akili yake tumejenga chepesi kuliko tulivyopanga. Mimi nikamwambia kaka, chuma hakiyeyuki njiani, paipu tupu ni 55 halafu tumeongeza breketi (vile vipande vya pleti vya kushikia vitu kwenye fremu) na mapleti kibao, itakuwaje jumla iwe 49? Tukaishusha tukatundika mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, mshale ukasimama 36 na nusu. Kumbe ndiyo mizani za kununulia skrepa hizo, anayeuza anaibiwa mbele ya macho yake.

Sasa ndo nimeamua niandike yote tuliyokutana nayo, maana kila anayejenga kigari cha watu wawili mtindo wa ile Lotus Seven, kigari chepesi cha Kiingereza cha Colin Chapman mwanzilishi wa Lotus (ya 1957, baadaye kampuni ya Caterham wakachukua haki za kuitengeneza 1973 na wanaitengeneza mpaka leo) atafika hapa hapa: namba mbili hazikubaliani na hajui aamini ipi. Fremu ya aina hii ni paipu za skwea zimechomelewa pembetatu pembetatu, hakuna siri ndani yake, kwa hiyo uzito wake unahesabika vizuri kabisa kabla hata hujanunua chuma. Ikikataa, usikimbilie grenda. Chukua simu, gawanya namba ya mizani kwa namba ya hesabu, hilo jibu unalopata ndo linakwambia kosa liko upande gani.

Kwanza hesabu yenyewe, tusije tukabishana bure

Paipu ya skwea: chukua upana kwa milimita, toa unene wa ukuta, zidisha kwa unene, halafu zidisha kwa 0.0314, unapata kilo kwa mita. Mfano 25 kwa 25 yenye ukuta wa 1.6: 25 toa 1.6 ni 23.4, mara 1.6 ni 37.44, mara 0.0314 inakuja 1.18 hivi. Kama ni ya mstatili, jumlisha pande mbili, toa unene mara mbili, zidisha kwa unene na 0.0157. Ya duara ni kipenyo cha nje toa unene, mara unene, mara 0.0247. Namba hizo zote zinatoka kwenye kitu kimoja tu, chuma kina kilo 7,850 kwa mita moja ya ujazo.

Ila hiyo 1.18 ni ya paipu yenye kona kali kama kisu, na hakuna paipu ya hivyo dukani. Kona zimekunjwa zina mviringo, na mviringo huo unakula asilimia 3 mpaka 4 ya uzito. Sisi tuliacha kubishana na fomula, tukakata mita moja kamili, tukaipeleka kwa mwenye duka la mchele akatupimia kwenye mizani yake ya dijitali: kilo 1.13. Basi hiyo ndo namba tuliyotumia mpaka mwisho. Tulikuwa na mita 44 za 25 kwa 25 na mita 6 za 20 kwa 20, jumla inakuja 55 kasoro kidogo.

Mizani iko chini ya hesabu kwa robo hivi

Yaani ukigawanya unapata 0.73, 0.75, 0.77 huko (yetu 49 kwa 55 ilitoa 0.89 kwa sababu breketi na mapleti hazikuwa kwenye hesabu). Hapa kuna washukiwa wawili na wanafanana kama mapacha, ndo maana wanachanganya watu.

Mshukiwa wa kwanza ni mizani, kama ilivyotukuta. Kuithibitisha ni rahisi, unahitaji kitu ambacho uzito wake unaujua, na vitu hivyo vimejaa mtaani: mfuko wa saruji wa kilo 50, au katoni ya maji ya chupa 12 za lita 1.5 ambayo ni kilo 18 na gramu mia kadhaa za plastiki na boksi. Dumu la lita 20 sikushauri, likijazwa mpaka mdomoni linachukua zaidi ya 20 na kila dumu na lake. Tumia vitu viwili vya uzito tofauti, usitumie kimoja. Yetu saruji ilisoma 36 na nusu, katoni ikasoma 13, ukigawanya zote zinarudi 0.73 au karibu na hapo. Maana yake mizani inadanganya kwa uwiano uleule, na mwongo asiyebadilisha uongo wake anafaa kutumika vizuri tu: 49 gawanya kwa 0.73 ni 67. Kama saruji ingetoa 0.73 na maji 0.6, hapo rudisha mizani ya watu.

Mshukiwa wa pili ni paipu. Umeagiza ya 1.6, umeandika 1.6 kwenye daftari, ila uliyopewa ni 1.2. Ukuta wa 1.2 dhidi ya 1.6 unatoa uwiano wa 0.76, ule wa 1.4 unatoa 0.88, wa 1.5 unatoa 0.94. Hapa neno geji, ile namba ya kutajia unene wa chuma, ndo mchawi. Geji 16 ya Kiingereza ni milimita 1.63, geji 16 ya Kimarekani ya shiti za chuma ni 1.52, geji 18 ya wote wawili iko kwenye 1.2. Dukani muuzaji anakwambia "hii geji 16 bosi" na yeye mwenyewe kaambiwa hivyo hivyo na aliyemuuzia. Kuna duka tulinunua paipu tatu za mwisho baada ya zile za mwanzo kuisha, kwa macho ni zilezile, rangi ileile, hata lile vumbi jeusi la mafuta linalobaki mkononi ni lilelile, nikaweka venia (kile kipimo cha kubana cha kupimia unene) ikasoma 1.25.

Na kupima kwa venia nako kuna ujanja wake. Ukikata kwa grenda mdomo wa paipu unabaki na kucha za chuma zilizogeukia ndani na nje, ukibana venia hapo unasoma 1.8 au 2 unafurahi bure. Piga tupa kwanza mpaka mdomo uwe safi, kisha pima pande tatu ambazo hazina mshono. Upande wa nne ndani una ule mstari wa kiwandani ulioinuka, unakudanganya na wenyewe.

Ikiwa kweli ni nyembamba na umeshachomelea fremu nzima, hilo halimalizwi na mizani. Ugumu wa fremu umeshuka karibu sawasawa na uzito uliopungua, na paipu za 1.2 ukichomelea kwa rodi za kawaida za milimita 2.5 zinatoboka, halafu fundi anajaza matundu na ukiangalia kwa nje mshono ni mnene mzuri. Pale zinaposhika mikono ya saspensheni na mikanda ya viti mimi ningekata niweke upya. Kwingine utaamua mwenyewe.

Mizani iko chini kwa kilo moja mbili tu

Hapo ni futi yako. Watu wanapima paipu kwenye mchoro katikati ya kiungo mpaka katikati ya kiungo, wakati kipande halisi kinagotea kwenye ubavu wa mwenzake, kwa hiyo kila ncha umeongeza nusu ya upana, 12.5. Vipande 60 mara milimita 25 ni mita moja na nusu ya paipu ambayo haipo duniani, karibu kilo 1.7.

Mizani iko juu kwa kilo 10, 12, 15

Hii ndo ya watu wengi na sisi tulikuwemo. Hesabu 55, mizani (baada ya kuirekebisha) 67. Fundi wetu bila kufikiri akasema "hiyo ni welding hiyo, si unaona nimejaza vizuri". Nikasema hebu tuhesabu. Rodi moja ya 2.5 ya urefu wa milimita 350, waya wake wa ndani una gramu 13 na kidogo, ukitoa kile kipisi unachotupa na cheche zinazoruka, kinachobaki kwenye kiungo ni kama gramu 10. Tulimaliza rodi kama 120. Kwa hiyo welding yote, fremu nzima, ni kilo 1.2. Fundi hakufurahi, alitaka iwe kubwa zaidi.

Zile kilo nyingine ziko kwenye vitu ambavyo hakuna anayeviandika kwa sababu ni vidogo. Breketi za saspensheni. Moja ukiishika mkononi ni nyepesi, unaweza kuiweka mfukoni ukaisahau, lakini pleti ya milimita 3 ina kilo 23.5 kwa mita ya mraba, na ukipanga karatasi zote za sampuli ulizokatia breketi mezani (tulifanya hivyo kweli, tukazipanga kama vigae kwenye meza ya kulia chakula, mama akauliza mnapika nini) utashangaa zinafunika robo ya mita ya mraba. Hiyo ni kilo 5.9. Pleti za milimita 5 za kushikia injini na mikanda, kama 0.04 ya mita ya mraba, kilo 1.6. Shiti ya milimita 1 tuliyochomelea kwenye tanuli ya giaboksi (tunnel, ule mfuniko wa katikati unaopita juu ya giaboksi), 0.3 ya mita ya mraba, kilo 2.4. Praima na rangi nikaipa gramu 400. Ongeza na welding, jumla 11.5. Kwenye 12.3 zilizokuwa zinatafutwa imebaki 0.8 na sikuihangaikia, hata saruji yenyewe sidhani kama ni 50 kamili.

Kwa hiyo kabla hujajenga, ukishapata uzito wa paipu, ongeza humo asilimia 20 ya breketi na pleti, utakuwa karibu na ukweli kuliko anayeandika paipu peke yake. Yetu ilitoka 22. Ukijiona una 35 au 40 basi umechomelea sakafu ya chuma ukaisahau, au fundi wako ni wale wanaoweka pleti ya milimita 6 kila mahali "iwe ngumu".

Kuna ushahidi mwingine ambao watu wanautupa: mabaki. Ulinunua paipu ngapi, kila moja ina urefu gani kweli (pima, nyingi zinaitwa mita 6 na ukiweka futi ni 5.8), vipande vilivyobaki vina kilo ngapi. Kilichonunuliwa toa kilichobaki ndicho kiko kwenye fremu. Unga wa grenda usikuumize kichwa, mikato 150 ya diski ya milimita 3 ni sentimita 45 za paipu, nusu kilo. Sisi mabaki tuliyauza kabla ya kupima, tena kwa yule yule mwenye mizani ya 0.73. Cheka tu.

Kila ukipima inatoka namba nyingine

Mizani za kupanda mtu zile za dijitali ni nzuri na bei yake ndogo, ila zina tabia. Ukiziweka kwenye zulia, kwenye mchanga au kwenye vigae vinavyocheza zinasoma chochote. Weka kwenye sakafu ngumu ya saruji, au ubao mnene juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Nyingi zinajizima na kujirudisha sifuri zenyewe, kwa hiyo ukiweka mzigo polepole sana yenyewe inadhani hiyo ni sifuri mpya. Iwashe, isubiri isome sifuri, ndo uweke mzigo kwa mara moja.

Ukiwa na mizani moja tu, pima ncha kwa ncha. Pitisha nondo chini ya fremu mbele, nondo nyingine nyuma, weka alama ya chaki zilipo. Nondo ya mbele ikae juu ya mizani, ya nyuma ikae juu ya tofali lenye kimo sawa na mizani. Soma. Kisha badilisha, mizani nyuma, tofali mbele. Jumlisha. Yetu ilikuwa 36 mbele na 31 nyuma, 67, ikakubaliana na ile ya mwembe. Wengi wanakosea hapa kwa kusogeza nondo wakati wa kubadilisha, sentimita 10 tu, na jumla inaharibika kimyakimya bila kukuonyesha dalili yoyote, hivyo zile chaki usizidharau. Faida ya bure: nondo zetu zilikuwa mita 2.2 toka moja mpaka nyingine, 36 gawanya 67 mara 2.2 ni 1.18, maana yake kitovu cha uzito cha fremu kiko mita 1.18 mbele ya nondo ya nyuma.

Angalia pia fremu isiwe inagusa kitu, kuna mtu kakaa hapo kaweka mguu juu ya paipu ya nyuma anachati, na wewe unatafuta kilo 4.

Kona nne hazilingani

Umeazima mizani nne, kila kona na yake, unapata 22, 12, 13, 20. Watu wanaogopa wanadhani uzito umekosewa. Jumlisha: 67. Uzito uko sawa. Kitu kigumu kikikaa kwenye sehemu nne kinafanya kama meza ya hotelini ile inayocheza, kona mbili za mshazari zinabeba na mbili zinapumzika. Ingiza kipande cha bati chini ya kona nyepesi, namba zikiruka ruka ujue tatizo ni kimo, sakafu au mizani hazijalingana, au fremu yenyewe imepinda wakati wa kuchomelea.

Kujua ni sakafu au fremu usiigeuze fremu nyuma mbele, nilifanya hivyo nikapoteza jioni nzima, ukigeuza hivyo mshazari unaangukia palepale na jibu halibadiliki. Chukua mpira mwembamba wa maji kama mafundi wa ujenzi, linganisha vichwa vya mizani zote nne. Vikishalingana na bado kona mbili za mshazari ni nzito, fremu imejikunja, na hilo utalitafuta kwa kamba toka kona mpaka kona.

Programu ya kuchora imetoa namba ya ajabu

Hapa ndo kugawanya kunalipa kweli maana kila kosa lina uwiano wake. Kama programu imekupa kilo 7 au 8 kwa kitu ambacho ni 55, umesahau kuchagua chuma na yenyewe imehesabu kama maji, ni pungufu mara 7.85. Pungufu mara 2.9, umechagua alumini. Zaidi mara 4 na kidogo, paipu zako hazina tundu, ni nondo za skwea za 25, ukuta hujauweka. Mara mbili kamili, umechora upande mmoja ukauakisi mara mbili, au vipande viwili vimelaliana mahali pamoja na huvioni kwa macho. Zaidi mara 2.2, hizo ni ratili, rudi kwenye mipangilio. Mimi lilinikuta la kuakisi, fremu ya kilo 110 kwenye skrini, usiku wa saa sita nikaenda kuigusa uwanjani kuhakikisha.

Fremu iko sawa, gari lenyewe zito

Sasa hili halihusu mizani tena. Caterham wana kile kigari chao cha 170 chenye injini ndogo ya Suzuki ya cc 660, kilo 440 gari zima. Sisi tumelenga 560 na fremu ni 67 tu humo ndani, haifiki hata moja ya nane. Injini na giaboksi tulizitundika pamoja tukapata 158, difu na ekseli ya nyuma bado hata hatujaigusa. Tangi likijaa lita 40 za petroli ni karibu kilo 30. Kwa hiyo yule anayetaka kubadilisha paipu zote ziwe za 1.2 ili aokoe kilo 13 hivi anaokoa sehemu mbaya kuliko zote.

Sakafu kwa mfano: mita moja na nusu ya mraba ya shiti ya chuma ya 1.2 ni kilo 14, alumini ya 1.5 ni 6. Kilo 8 bila kugusa kiungo hata kimoja. Tumeshapiga ya alumini kwa ribeti, na gundi katikati ili isigusane na chuma moja kwa moja, maana hewa ya huku ya bahari inakula alumini inayogusana na chuma usipime. Viti ndo bado tunabishana, mwenzangu kaleta viti vya Corolla vyenye reli zake na yeye anaviita vyepesi. Jumamosi tunavitundika mwembeni, pamoja na mfuko wa saruji.